Kwotabeki wa Jeddah

Fridah alikuwa akianika mashuka ya watu juu ya paa la nyumba ya watu, huko Jeddah, mfuko wa mikate ulipopaa kutoka uani. Ulivuka ukuta wa paa, ukajizungusha hewani polepole kama mtu anayejigeuza usingizini, kisha ukatua kifuani mwake. Haukumgonga, ulitua. Akaudaka kwa mikono miwili, vibanio vya nguo vikiwa bado mdomoni, na moyo wake ukapiga pigo moja kubwa, halafu ukanyamaza kama unaosikiliza.

Ilikuwa siku yake ya pili katika mji huo. Madam wake, Hessa, alikuwa ametoka Riyadh kuja kumtembelea dada yake, akamleta Fridah amshikie mtoto. Na katika nyumba hiyo ya dada mtu, dereva haruhusiwi kupita mlango wa wanawake, wala Rosebellah, mfanyakazi wa hapo, haruhusiwi kuzurura uani kwa wanaume. Ngazi nazo ni nyingi, na Rosebellah ana kiuno cha kuheshimiwa, hakipandishwi na kuteremshwa ovyo. Basi wawili hao walikuwa wamepatana wao kwa wao: mikate, dawa ya mtoto, funguo, pakiti ya chumvi, vyote hurushwa kutoka uani hadi paani. Mwenye nyumba alijua, akajifanya hajui, maana mikate ilimfikia ingali moto.

Fridah hakuelezwa yote hayo. Aliambiwa tu apande akaanike, na mkate ukija audake. Alidhani ni utani wa wenyeji kwa mgeni.

Sasa alisimama na mkate wa moto kifuani, mwanamke mzima, kama msichana aliyepigiwa mluzi. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyewahi kumrushia vitu namna hiyo. Kule Kericho, kwenye laini za wafanyakazi wa majani chai, nyumba ya kwao na ya kina kijana huyo zilitenganishwa na ua wa mabati, na kila jioni mahindi ya kuchemsha yalivuka ua huo yakiwa ndani ya maganda yake, yakija yanazunguka, yakitua mkononi mwake kama yaliyosindikizwa. Kijana huyo aliitwa Wesley, na ndiye mchumba wake. Shida ni kwamba Wesley alikuwa Amerika.

Na si Amerika ya kusingizia. Alikwenda kwa skolashipu ya kurusha mkuki, katika chuo kidogo huko Kansas, na alipofika tu, kocha wa mpira akamwona akirusha, akamnyang'anya mkuki, akampa mpira. Si mpira wetu. Ni ule wa Wamarekani wenye umbo la kiazi kitamu, ambao wanauita wa miguu na muda wote wameukumbatia mikononi. Wesley akafanywa kwotabeki. Alimweleza Fridah kazi yenyewe kwa simu: wanaume wanene wanainama mbele yako kama wanaotafuta sindano, mmoja anakupitishia mpira katikati ya miguu yake, wengine wanene kuliko hao wanakuja mbio wakuvunje, na wewe kabla hujavunjwa unatakiwa utulie kabisa, umtafute mwenzako aliye mbali, umrushie. Fridah alimwuliza kama hapo chuoni hakuna kazi nyingine. Wesley akacheka, akatuma picha: kofia ngumu yenye vyuma usoni, mabega ya kuvalia mapana kama kabati la vyombo. Picha hiyo Mama Wesley aliitundika sebuleni karibu na ya Yesu, tena usawa mmoja. Kila Jumapili kanisa zima liliombea bega la kijana wao.

Mwezi wa kumi na mbili angemaliza chuo. Angerudi, wazee wake wangeketi na baba yake Fridah, na maisha yangeanza. Ndiyo maana Fridah alikuwa amepanga kumkatalia madam. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, Madam Hessa alitaka kumfanyia ikama mpya, kibali cha kuishi huko, akae miaka miwili mingine, na alimpa muda wa safari hii tu ya Jeddah afikiri, kisha aseme ndiyo au halas, basi.

Fridah alijaribu kuchungulia uani. Kuta za paa za huko zilijengwa na watu walioijua nia yake kabla hajazaliwa. Hata aliposimama juu ya ndoo, aliambulia kuliona tangi la maji la jirani.

Akateremka jikoni. Rosebellah alikuwa akikata bamia, mwanamke wa Bungoma, mwenye roho nyeupe na mdomo usiojua kufungwa, akimpenda mtu anampa habari zote siku hiyohiyo zisije zikachacha. Fridah akamwuliza, kama mtu anayeulizia ulipo ufagio, dereva wa hapa ni mtu wa wapi.

Rosebellah alicheka kabla ya kujibu. Huyo ni Kwota, alisema. Mkalenjin wa Kericho, kijana mtaratibu, na kama Fridah ameuona mkate ulivyofika, basi ajue ule mkono ulipigiwa makofi Amerika. Akasimulia huku kisu kinakwenda. Kwota alikaa benchi msimu mzima kwanza, akijifunza. Msimu wa pili akaingia, na mji mdogo ule wa Wazungu ukawa unaliimba jina la kwao ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kulitamka. Alikula bure mahotelini. Watoto walijichora nambari yake usoni. Msimu wa tatu, mechi ya mwisho, mvua inanyesha, akangoja mno mwenzake akae vizuri kule mbele, na katika kule kungoja wanaume wawili wakamwangukia begani. Madaktari walirudisha bega, mkono wenyewe haukurudi. Mkate unafika paani, ndiyo, lakini ule wa mbali, ule wa kusimamisha watu vitini, ulikwisha pale. Chuo kikamshukuru sana, skolashipu ikakatwa, karatasi zikaisha, akajikuta Nairobi hana uso wa kwenda kwao. Akajificha kwa rafiki. Baadaye akapata ajenti, akaletwa Jeddah. Huu ni karibu mwaka wa pili.

"Na nyumbani wanajua?" Fridah aliuliza.

"Nani awaambie?" Rosebellah alipuliza mbegu za bamia vidoleni. "Ako na mchumba, maskini, bado anadhani ako Amerika. Kila mara Kwota anasema atamwambia. Mimi nilimwambia, sema mapema, huyo dada asije akazeeka na picha. Juzi alilia hapo nje ya mlango, mimi ndani yeye nje, tukaongea kupitia mlango mpaka chai ikapoa. Bwana mzuri. Nikikumbuka huyo msichana namhurumia, hata simjui."

Fridah akasema hata yeye anamhurumia. Akachukua bamia, akakata.

Si uongo uliomkata. Uongo ni kitu, mtu anaweza kuusamehe akiuelewa. Kilichomkata ni kwamba ukweli ulikuwepo siku zote, mzima, mtamu, wenye mvua na machozi na mlango katikati, na ulikuwa umepewa mtu mwingine.

Akaanza kuyakumbuka mambo, na kila alilolikumbuka lilimcheka. Wesley alikuwa akijibu ujumbe saa tano asubuhi, Fridah anapomtengenezea mtoto maziwa, saa ambayo Kansas wamo katikati ya usingizi. Yeye alihesabu hayo kuwa mapenzi. Alijisifia hata kwa wasichana wenzake wa mtaa wa Al-Murabba, kule Riyadh, kwamba wangu mimi anakatiza usingizi Amerika ili anijibu. Na ile jioni walipozungumza kwa simu, adhana ya Riyadh imekwisha kitambo, akasikia adhana nyingine ndogo nyuma ya sauti yake. Alimwambia simu hii ina mwangwi. Wesley akakubali haraka sana kwamba ndiyo, ina mwangwi.

Kesho yake, Ijumaa alasiri, Madam Hessa alitaka kupelekwa madukani, na dada yake akamwazima gari na dereva. Fridah akavaa abaya, akambeba mtoto, Lulwa, akaingia nyuma pembeni ya madam kwenye lile gari kubwa kama chumba. Dereva alikuwa ameshaketi. Alikuwa amekipanga kioo kidogo cha mbele aone barabara. Mlango ulipofungwa akatupa jicho kiooni kama kawaida, na jicho halikuondoka.

Gari likazimika. Akaliwasha tena.

"Fridah," akasema.

"Angalia barabara."

Madam Hessa akainua macho kutoka kwenye simu yake. Aliuliza kwa Kiarabu kama wanatoka nchi moja, na Fridah akasema ndiyo, madam, nchi moja. Madam akafurahi, akasema basi waongee, mtu akiisikia lugha yake roho hupoa. Akarudi kwenye simu, ambako shangazi yake alikuwa akituma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi.

Wafanyakazi wa ndani wote wanaijua sanaa ya kugombana kwa sauti ya kuagiza maziwa. Uso unautuliza, mikono inamchezea mtoto, maneno unayatoa moja moja, laini, kama unayeuliza duka la dawa liko wapi. Fridah hakuwahi kuihitaji sanaa hiyo kama siku hiyo.

"Kansas huwa na joto namna hii?" akauliza.

Shingo ya Wesley ilikuwa ileile, na hilo lilimkera Fridah kuliko vyote. Ile shingo aliyoinyoa mwenyewe kwa wembe, jioni ya mwisho kabla Wesley hajapanda ndege, ilikuwa hapo mbele yake, umbali wa mkono, na kialama chake kidogo chini ya sikio. Angeweza kuigusa. Akamshika Lulwa vizuri zaidi.

"Nilitaka kukuambia," Wesley akasema.

"Ulimwambia Rosebellah."

"Rosebellah si mtu wa nyumbani. Kumwambia yeye ni rahisi."

"Naona. Mimi ndiye wa nyumbani, basi nikapewa picha."

"Wesh yigul?" madam aliuliza bila kuinua kichwa. Anasema nini?

"Zahma, madam," Fridah akajibu. Anasema magari yamejaa.

Madam akatazama nje. Barabara ilikuwa nyeupe pee, Ijumaa alasiri, hata paka hakuna. Akamtazama dereva kwa mashaka kidogo, kama mtu anayejiuliza macho yake yakoje, kisha shangazi akamwita tena simuni.

"Siku naondoka Nairobi," Fridah akaendelea, akimpangusa mtoto kidevu, "nilikupigia nikiwa uwanja wa ndege. Nilikuwa nalia. Ukanifariji, ukasema hata wewe unateseka huko, theluji imekufika magotini. Ulikuwa wapi?"

"Wacha hiyo."

"Ulikuwa wapi, Wesley?"

"Nilikuwa nakaa Githurai."

"Githurai. Ungepanda gari ungenikuta."

Taa za barabarani zikageuka kijani, Wesley hakuondoka, mpaka zikarudi nyekundu.

"Nilikuja," akasema. "Nilisimama kule kwa mateksi. Ajenti alikuwa amewavalisha wote fulana za njano, wewe ukavaa sweta yako ya kijani juu yake. Nilikuona."

Fridah akahisi kama aliyekosa ngazi gizani. Alikuwa amejiandaa kwa Githurai. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Ulikuwa unaniona wakati unaniambia theluji?"

Bega la kushoto la Wesley likapanda. La kulia, lile lililoombewa na kanisa zima, halikupanda.

"Nilikuona unalia, nikasema nitavuka tu hiyo barabara. Nikaangalia viatu vyangu, Fridah. Nilitoka nyumbani nikiwa mtu wa gazeti. Ningekuja kwako na nini?"

"Na miguu," akasema Fridah. "Afadhali basi ungebaki Githurai."

Lulwa alikuwa akivuta ukaya wa abaya yake, akicheka peke yake.

"Mama yako aliniita mboch wa Waarabu," Fridah akasema. "Unakumbuka. Kwenye mkutano wa familia, simu iko mezani imewekwa sauti ya kusikika na wote, baba yangu ameketi pale, mimi niko kwenye laini kutoka Riyadh, wewe uko kwenye laini kutoka Amerika yako. Akasema mwanangu kwotabeki hawezi kuoa mwanamke anayeosha vyoo vya Waarabu. Watu wote wakangoja useme. Ukasema, Mum, mtandao unapotea. Nami nikakutetea, nikamwambia baba ni mtandao. Siku hiyo wewe ulikuwa unaosha gari ya nani?"

Wesley alifuta jicho kwa kiganja, na kwa madam hilo lilionekana kuwa jasho, kwa sababu alimwamuru aongeze kiyoyozi.

"Nisikilize," akasema baada ya kuongeza. "Weka sahihi kwa madam wako. Kaa tu hiyo miaka miwili. Nitajipanga. Tutatoka pamoja, ndege moja, nitasema nimemaliza chuo nikakupitia huku nikuchukue. Hakuna mtu atajua. Mum atanyamaza, baba yako atafurahi. Tutaoana kama tulivyosema."

Aliisema kwa sauti ileile ya zamani, ya kando ya ua wa mabati, na kwa muda Fridah aliiona hiyo arusi yote, na jinsi ilivyokuwa rahisi. Ilitaka kitu kidogo tu kutoka kwake.

"Na mimi wakiniuliza ulikuwa wapi, niseme nini?"

"Useme nilikuwa nacheza. Na wewe ulikuwa unanisubiri."

"Kwa hiyo uongo tuuoe sote wawili."

"Nakupenda, Fridah. Hiyo haikuwa uongo hata siku moja."

Aliamini. Hilo nalo lilikuwa balaa, kwamba aliamini.

"Wesh yigul?" Madam Hessa sasa alikuwa ameiweka simu mapajani. Alikuwa ameona kitu, wanawake huona. Alimtazama Fridah, akamtazama dereva wa dada yake, akangoja.

Wesley aliinua macho kiooni. Kiarabu anakijua vizuri, angesikia kila neno. Sentensi moja tu ya Fridah, kwamba huyu dereva wenu ni mchumba wangu na tunazungumza mapenzi mbele yako, na kabla ya wiki kuisha Wesley angekuwa anakabidhiwa pasipoti mlangoni, nyumbani moja kwa moja bila maelezo. Fridah aliishika sentensi hiyo ulimini, ikiwa tayari. Ilikuwa na ladha nzuri, hakuna haja ya kumsingizia utakatifu.

"Ananiulizia habari za mtu wa kwetu, madam," akasema. "Nimemwambia huyo mtu mafi. Hayuko." Kisha akaongeza: "Na ile ikama, madam, usiifanye. Halas. Mkataba ukiisha narudi nyumbani."

Uso wa Wesley kiooni ulifunguka kama dirisha. Masikini, alidhani ameshinda, kwamba amefichiwa siri na Fridah anarudi kumsubiri.

Madam alisikitika kwa dhati. Alisema Lulwa atalia, akasema ataongeza siku ya kupumzika, akasema hajawahi kupata mtu anayepiga pasi kama yeye. Alipoona haisaidii, akatabasamu kidogo na kuuliza kama basi ni ile arusi ya kijana wa Amerika.

"La, madam. Mafi arusi. Nakwenda kumsalimu mama mmoja."

Dirisha likafungwa.

"Mama gani?" Wesley aliuliza kwa Kiswahili, na ilimchukua nguvu kubaki na ile sauti ya kuagiza maziwa.

"Wako. Nitavaa vizuri, niende, nikaribishwe au nisikaribishwe, nikae pale sebuleni. Nimwambie mwanawe ni mzima, ameumia bega, anaendesha gari Jeddah, anaosha mpaka linang'aa. Sitaongeza wala sitapunguza."

"Utamuua."

"Hatakufa. Kwanza atanitukana, huo ndio mlango wake wa kupitia kwenye jambo lolote. Akimaliza atalia. Halafu kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii atajua anamwombea nani."

"Si ungoje nimwambie mwenyewe?"

"Simu unayo. Ukinitangulia sitakasirika."

Walikuwa wamefika. Wesley akasimamisha gari mbele ya milango ya vioo, akateremka, akazunguka, akafungua mlango wa madam kama kazi inavyotaka, kisha upande wa Fridah. Hapo kwa sekunde chache hapakuwa na kioo katikati yao. Alikuwa amekonda. Alinukia sabuni ya gari na mkate. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango, na Fridah akauangalia, akaruhusu macho yake yashibe, kwa sababu hakuwa na hakika kama yangepata tena.

Madam Hessa, aliyekwishaanza kutembea, akageuka na kumwagiza Fridah amwambie dereva la kufanya, kama mabibi wa huko wapendavyo kuyapitisha maneno hata yaliyosikika.

"Madam anasema utusubiri hapa," Fridah akasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Hajasema."

Akampandisha Lulwa begani, akaingia ndani kwenye baridi.